Kompyuta Inayofunguka

Saa kumi na moja alfajiri, mfuniko wa birika unagongagonga jikoni. Mwalimu wa kompyuta, ambaye wanafunzi wamembandika jina Bibi Kipanya, anapunguza moto ili mumewe asiamke. Kumbe mzee yuko macho.

"Leo ndiyo leo?" anauliza kutoka chumbani.

"Ndiyo. Lori linakuja kuzoa."

Zinazozolewa ni kompyuta kuukuu za shule. Mpya zimefika, nyembamba kama sinia, ila hazifunguki. Bibi Kipanya amemwomba mkuu wa shule ibaki moja tu, watoto waendelee kuona ndani.

Anakumbuka ilipokuja ya kwanza: wanafunzi sitini, mashine moja. Walivua viatu mlangoni, wakaingia wakinong'ona kama mle ndani kalala mtoto mchanga.

"Niliidarizia kitambaa cha kuifunika," anasema akicheka. "Hata mimi sijawahi kutunzwa vile!"

Darasani anafungua ubavu wa mashine kwa mara ya mwisho, watoto wanachungulia.

"Kichakataji ndiye mpishi. Kumbukumbu ya muda ni meza yake. Umeme ukikatika, vya mezani vyote vimepotea. Diski ni kabati: ulichoweka utakikuta."

"Na hifadhidata, mwalimu?"

"Kabati lililopangwa, mwanangu. Sukari ina kopo lake, chumvi lake. Ukitumwa sukari, huonji makopo yote."

"Hujaliona la kwetu!"

Darasa zima linaangua kicheko.

Mchana lori linafika. Mkuu wa shule anatikisa kichwa kwa upole. "Mama, vyumba vimejaa. Ikibaki, nitaiweka wapi?"

Bibi Kipanya anaanza kuirudishia mashine ubavu wake. Ndipo mumewe anapoingia getini akisukuma mkokoteni uliotandikwa blanketi.

"Itakaa kwangu, Mkuu. Kochi nimeshalisogeza."

"Si wewe uliyesema nyumba yako si stoo ya shule?" mkewe anamaka.

"Nilisema. Haya, shika huku isije ikadondoka."

Mkuu anakunja mikono ya shati, anashika upande wa pili.

Sasa mpango wa Bibi Kipanya ni kuifungua kila Jumamosi kwa mtoto yeyote atakayetaka kuona. Jumamosi ya kwanza sebule inajaa hadi mlangoni, na mzee anakaa nje kwa furaha.

Jioni Bibi Kipanya anawasindikiza wageni wake hadi barabarani.

"Mje tena, wanangu," anawaambia. "Msipokuja nitabaki namfundisha huyu mzee, na yeye kila kitu anakiita waya."