Nyota ya Mkia Juu ya Matangi ya Maji

Kabla ya kuja Maskati sikujua kwamba mtu mzima anaweza kutamani nyota mpaka akasusa chakula. Mimi nilikuwa na ndoto zangu za kwenye simu: zile taa za kijani zinazocheza angani huko nchi za baridi, kama khanga zilizoanikwa penye upepo. Nikimaliza vyombo nazitazama, najiona niko chini yake nimevaa koti zito. Bibi niliyekuwa namtunza alinikuta siku moja akacheka. "Wewe mtoto wa bara, AC tu inakutoa makamasi."

Yeye alizaliwa Unguja mjini, akaletwa huku bado msichana. Utotoni mwake ilitokea nyota ya mkia, mtaa mzima ukatoka kuitazama. Lakini mama yake aliamini inaleta balaa, akawafungia watoto ndani na kuziba dirisha kwa shuka. Sasa tukasikia kuna nyengine, kama anavyosema yeye, inaonekana baada ya Magharibi pale jua linapozama, na kwamba inafifia. Siku chache tu itakuwa imekwenda zake.

"Nnataka kuiona," akasema. "Nikiikosa hii, nyengine itanikuta kaburini."

Nikampa simu aone picha. Akaisukuma. "Hiyo ya simu ni yako wewe. Mie nnataka yangu."

Binti yake, ambaye ndiye mwenye gari, akauliza twende wapi. Bibi hata hakufikiri. "Baharini. Jua linazama wapi kama si baharini?"

Tukaona sawa. Tukapakia kiti cha Bibi, mkeka, tende na chupa ya kahawa, tukakwama kwenye foleni karibu na Matrah, tukafika Qantab, kijiji cha wavuvi kilichojibanza kwenye ghuba. Bibi akaswali juu ya kiti, kisha akataka kiti kigeuzwe kielekee maji. Tukakaa. Maji yakawa meusi. Mbele yetu taa ya meli moja, basi. Nyuma yetu milima imesimama kama ukuta, na juu ya ukuta ule wekundu wa jua unamalizika.

Binti ndiye aliyegeuka kwanza. Akasema taratibu, "Mama, hapa bahari inatoa jua. Haimezi."

Ndipo nikaelewa. Unguja mjini jua huzama majini. Bibi ameishi Maskati miaka mingi kuliko aliyoishi Unguja, watoto wote amewazaa huku, lakini kichwani mwake jua lilikuwa bado linazama mbele ya Forodhani. Na mimi, ninayeanua nguo kila jioni nikiliona likishukia upande wa nchi kavu, nilimfuata tu kama kondoo. Tulirudi nyumbani. Nilimpelekea uji, akasema weka hapo. Asubuhi niliukuta umefanya ngozi.

Siku hiyo nilipopanda kuanika nguo, nikasimama penye matangi ya maji, juu ya paa. Upande wa machweo ulikuwa wazi kabisa, mpaka kule Rusayl kwenye viwanda. Shida ilikuwa ngazi. Tangu goti limsumbue, Bibi hajawahi kufika juu.

"Nitakubeba," nikamwambia.

"Unibebe na nini? Mbavu zako nnazihesabu nikiwa nimekaa."

Jioni, alipokwisha kuswali, alikalia ngazi ya kwanza akaanza kupanda kwa makalio, kinyumenyume, binti yake juu akimshika makwapa, mimi chini nikiinua miguu. Kila ngazi bismillahi. Katikati kicheko kikamshika, ikabidi tusimame. "Mama yangu angeniona leo," akasema.

Tukamweka kwenye kiti cha plastiki kati ya mashuka. Nikatafuta, sikuona kitu. Taa za Rusayl zilikuwa zimechafua mbingu yote ya chini. Nikajiuliza: nimempandisha bibi wa watu bure? Kisha, nilipogeuza jicho kuangalia tangi, nikaiona. Alama ya chaki iliyofutwa kwa kiganja. Nikiikazia macho inakimbia, nikitazama pembeni inarudi, kama mtoto mwenye haya.

Nikainama nyuma ya kiti, nikalaza mkono wangu begani kwake ili macho yake yafuate kidole. "Usiitazame yenyewe, Bibi. Tazama pembeni kidogo, kama huna shughuli nayo."

Akakaa. Akakaa sana.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Hii ndiyo mama aliyotufungia?"

Alivuta mtandio, akafuta jicho. "Maskini mama," akasema. "Kaogopa kitu kidogo hivi, peke yake."

Binti yake akauliza kama tumshushe, upepo usije ukampiga.

"Bado. Nyie nendeni mkitaka. Ile nyengine, ya utotoni, sikuiaga."

Hatukwenda. Tuliketi chini, mgongo kwenye tangi lililokuwa bado na joto la mchana, tukaitazama pembenipembeni mpaka ikaingia kwenye taa za viwanda, ikapotea. Ndipo Bibi akaniuliza kama uji upo.