Kijaluo Changu cha Siri

Msomaji, nicheke tu. Mimi ni mshauri wa vijana. Kila asubuhi navuka kutoka Busia ya Kenya kwenda zahanati moja upande wa Uganda, ambako kazi yangu ni kusikiliza na kufunga mdomo.

Juzi Rozi, binti wa miaka kumi na minne, alinifungulia moyo. Mama yake humwambia kwamba baba alishakufa. Kumbe baba yu hai, anashona viatu upande wetu wa Kenya, na Rozi akitumwa sukari huko hupitia kwake. Nikamwahidi, "Hii ni yetu sisi wawili."

Alipotoka kwenda msalani, nilimpigia simu mwenzangu wa kazi anishauri. Mlango ulikuwa wazi na mama mtu alikuwa amekaa kwenye benchi hapo nje, lakini nilikuwa nimemsikia akipiga soga na wenzake kwa Kisamia, nikamdhania Msamia asiyejua Kijaluo. Basi mimi, mjanja wa mpakani, nikahamia Kijaluo. Nikamwaga yote, hadi kibanda cha fundi viatu nikakitaja.

Nilipokata simu, mama alikuwa amesimama mlangoni, machozi yakimtiririka. Aliniuliza kwa Kipadhola cha kijijini kwao Kiyeyi, lugha ndugu ya Kijaluo ambayo wenyewe na Wajaluo huelewana bila mkalimani, jambo nililokuwa nimelisahau kabisa:

"Baba Rozi bado anasumbuliwa na kifua?"

Nyuma yake Rozi alikuwa amerudi, mikono ingali na maji.

"Mshauri," akasema, "si ulisema ni yetu sisi wawili?"