Kahawa ya Ngazini, Euless

Juzi nimepita Euless, mji wetu wa kwanza huku ughaibuni, nikakuta zile apatimenti zetu za zamani zimepakwa rangi ya kijivu na ngazi yetu imewekewa geti. Nikabaki ndani ya gari, nimekasirika peke yangu kama mjinga. Wewe uliyewahi kunywa kahawa pale utanielewa.

Miaka ile, kila Jumapili alasiri, Baba akiwa hana shifti ya mizigo eapoti, alichemsha kahawa chungu yenye tangawizi mpaka jengo zima linanukia. Mama alikata kashata za karanga. Halafu Baba alitoka ngazini akagonganisha vikombe viwili, kama wauza kahawa wa kwao Tanga, na watu wakaanza kushuka: mhasibu, wauguzi, jirani yetu Mkongomani aliyekuwa akifanya kazi ghalani Grand Prairie. Siasa, mpira, dini, kila mtu na lake, na hakuna aliyeulizwa cheo chake. Mimi kazi yangu ilikuwa kusuuza vikombe na kutega sikio.

Mwaka wangu wa mwisho sekondari, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza akatufundisha Zama za Mwangaza, Ulaya ya karne ya kumi na nane hivi. Alisema fasihi ile ilipikwa kwenye migahawa ya kahawa ya London: mfalme kapunguzwa makali, magazeti yamezagaa, bwana na karani wanabishana meza moja, na waandishi wanaokota humo humo insha zao na kejeli zao. Nikanyoosha mkono nikasema hiyo hata kwetu ipo. Alifurahi sana, na Jumapili akaja.

Alikaa ngazini akanywa kahawa yetu, akasifia akili na uhuru wa kusema, mimi nikitafsiri. Jirani Mkongomani akauliza, "Mwalimu, ile kahawa na sukari yao, ni banani balikuwa banalima?" Nikatafsiri na hilo, ni kina nani waliokuwa wakilima. Mwalimu akacheka, akaomba kashata nyingine. Nasi tukacheka, maana tulishamhesabu wetu.

Haukupita muda meneja wa apatimenti akaja. Kuna mpangaji kalalamikia kelele na watu kujazana ngazini; tukirudia, tunahamishwa. Baba hakubishana naye. Aliniambia tu, "Mwanangu, si ndiyo mambo anayofundisha mwalimu wako? Mwombe atusemee ofisini. Yeye watamsikia."

Nikamwomba. Alivua miwani, akasema anatuonea huruma, ila mambo ya wapangaji ni mengine na hapendi kujiingiza. Wiki ileile akatupa mtihani: eleza umuhimu wa migahawa ya kahawa katika Zama za Mwangaza. Nilieleza kwa hasira, na nikaeleza vizuri. Nikapata A. Baba akaibandika ile karatasi kwenye friji, kila mgeni akaonyeshwa.

Baraza halikurudi. Walijaribu kukutana kwa mhasibu, aliyekuwa amehamia Lewisville, lakini ukitoka shifti kule ni mbali. Halafu ikaja korona, ikamalizia kilichobaki. Mkongomani akahamia Houston na familia yake. Nisikufiche, nina uchungu mpaka leo. Meneja nilishamsamehe, yeye hakuwahi kunywa kahawa yetu.

Baba bado anachemsha ya kwake kila Jumapili, anainywa jikoni, amesimama. Mwezi uliopita nilikuwa naosha vyombo, vikombe viwili vikagongana kwenye sinki. Baba akageuka, akatazama mlango.