Bega la Kushoto

Mwenzangu mwenye nafasi kwenye timu alizidi uzito kwa gramu mia tatu. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya mizani, taulo kiunoni, na nilipoona namba imegoma kushuka hadi kilo sabini na nne, nikaanza kumwombea ishuke. Mtu mwingine angefurahi. Miaka miwili nilikuwa mchezaji wa akiba, mtu wa kukunja mikeka na kujaza chupa za maji, na Jumamosi ile ya Agosti 2017 timu yetu ya mieleka ya chuo ilikuwa inapambana na timu pekee nchini iliyokuwa ikitajwa kabla yetu. Mizani ilikuwa inanifungulia mlango. Mimi nilikuwa naomba ufungwe.

Walimpa saa moja ya kupunguza. Kocha alimvika jaketi mbili, akamkimbiza kuzunguka maegesho ya magari katika baridi kavu ya Johannesburg, huku mwenzangu akitema mate kwenye kikombe cha plastiki ili uzito upungue. Aliporudi alikuwa amebakiza gramu mia, yaani nusu glasi ya maji, na alikuwa hana tena cha kutema. Alishuka kwenye mizani akakaa sakafuni akalia. Kocha akageuka akanitafuta kwa macho.

"Eish," akasema. "Basi ni wewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo ningesema, na sikusema.

Jambo lenyewe lilikuwa shingo yangu. Miezi minne kabla ya siku hiyo, mazoezini, niliangushwa vibaya, nikasikia kama waya wa moto unashuka kutoka shingoni hadi kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Halafu vidole vikafa ganzi. Jioni ile nyumbani kwetu Kensington sikuweza kushika kijiko, na mama alikiona kijiko kikianguka mara mbili. Daktari aliyetuona alisema mshipa wa fahamu umebanwa, nipumzike, na ikitokea tena mkono unaweza usirudi hali yake. Alilisema kwa upole, akiwa anaandika, na tangu siku hiyo nililala nikiwa nimeushika mkono huo kwa mkono mwingine. Kocha nilimwambia nilikuwa na mafua.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu shuleni, tangu tulipofika kutoka Lubumbashi nikiwa na miaka kumi, jina langu lilikuwa kwerekwere, tusi la huko kwa Waafrika wageni. Kulikuwa na majuma ambayo mama alifunga saluni mapema na kunikataza kusema Kiswahili barabarani, kwa sababu ya habari za wageni kupigwa. Kwenye timu hakuna aliyeniita hivyo. Walinitukana, ndiyo, lakini matusi ya watu wa nyumba moja. Niliogopa kuipoteza nyumba hiyo kuliko nilivyoogopa kuupoteza mkono, au ndivyo nilivyodhani hadi nilipolala chali mbele ya watu mia tano.

Nilimpigia mama simu. Sijui nilitaka aniambie nini. Jumamosi ndiyo siku ya vichwa vingi saluni, hafungi hata akiwa na homa, lakini baada ya saa moja na nusu niliitwa kwenye ujia nje ya chumba cha kubadilishia nguo, nikamkuta amesimama na mkoba wake wa kanisani, nywele za bandia za mteja bado zimemganda kwenye sweta.

Lazima nieleze mama anavyoijua mieleka. Kwao Lubumbashi inaitwa catch, na wanaocheza huingia na ngoma, hirizi na unga wa kupuliza, na mtu anaweza kuangushwa kabla hajaguswa. Nilimweleza mara nyingi kwamba hawa ni wanafunzi wa uhandisi na sheria. Hakunisikiliza hata siku moja.

"Kwetu catch banapiganaka na fetishi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Unajua ule kijana alikunywa nini mbele ya kukuya huku? Inama, mutoto yangu."

Akatoa chupa ndogo ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Nilijua sheria. Mwanamieleka haruhusiwi kupanda mkekani na mafuta mwilini, maana hashikiki, na refa humpapasa kila mtu kabla ya kuanza. Ningeweza kumwambia hivyo kwa maneno matano. Lakini nilikuwa naogopa kiasi kwamba hata angenipaka matope ningekubali. Akanipaka shingo, mabega, mgongo wa juu, akiomba kwa haraka haraka, na vidole vyake vya kusuka vilipofika pale palipouma vikasimama.

"Ingali inauma?"

"Hapana, mama."

Akaendelea kupaka. Alipoondoka nilijifuta kwa mkono wa jaketi, nikajiambia inatosha.

Yalikuwa mapambano kumi, moja kwa kila uzito, na mpangilio ulipigwa kura asubuhi. Kilo sabini na nne iliangukia mwisho. Kwa hiyo nilikaa benchi saa nzima na nusu nikiangalia jahazi likienda mrama na kurudi: wao mbele, sisi mbele, wao tena. Kila baada ya dakika nilichezesha vidole vya kushoto ndani ya mfuko wa jaketi, nikihesabu kama vyote vitano bado vipo. Mpinzani wangu alikuwa ng'ambo ya mkeka, bingwa wa uzito wetu, kijana mtulivu anayekula ndizi taratibu. Hiyo ndizi ilinitisha kuliko misuli yake.

Pambano la tisa lilipoisha tulikuwa tunaongoza kwa pointi nne. Kocha akapiga goti mbele yangu, akanishika magoti yote mawili.

"Sikiliza. Sitaki umshinde, huwezi. Akikushinda kwa pointi, timu yake inapata tatu, sisi tunashinda kwa moja. Akikubana mabega yote mawili chini, wanapata tano, tumekwisha. Mpe pointi sita, mpe nane, haidhuru. Bega tu. Bega moja tu lisiguse. Sharp?"

"Sharp," nikasema, yaani sawa, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Mtu asiyecheza mieleka hajui maana ya maneno yale. Ukishalazwa chali, njia ya kuzuia mabega yasiguse chini ni kuweka daraja: unasimamisha kichwa mkekani, unanyanyua mgongo, na uzito wako pamoja na wa yule aliye juu yako vyote vinakaa shingoni. Kocha alikuwa ananiomba shingo. Hakujua, masikini.

Refa alinikagua kucha, akanipapasa mikono, kisha akapitisha kiganja nyuma ya shingo. Kiganja kikasimama. Akakitazama kwenye taa, akakinusa.

Kelele zilizofuata nazikumbuka vipande vipande. Kocha wa upande wa pili alikuja mbio akidai niondolewe, wapewe pointi zao tano. Kocha wetu akasema nipewe nafasi ya kujifuta. Refa akaniashiria nishuke, akanipa onyo na dakika moja. Wenzangu wanne walinivamia kwa mataulo na chupa za maji, wakanisugua kama sufuria, na kutoka juu kwenye viti nikasikia sauti moja ikipasua ukumbi wote.

"Musimupanguse! Ee Yesu, musimupanguse!"

Mama alikuwa amesimama, mikono kichwani. Hakuna aliyemwelewa, na watu wakacheka. Niliona aibu ya kumwonea aibu, na juu ya aibu hofu ilikaa palepale, haikuhama hata inchi moja. Nikarudi mkekani nimelowa, meno yakigongana, na refa safari hii hakupata kitu. Akapuliza filimbi.

Dakika tatu za kwanza nilifanya kazi moja: kukimbia bila kuonekana nakimbia. Alinishika mguu mara mbili, mara mbili nikaanguka kifudifudi nikabaki nimejibana na mkeka kwa tumbo na kidevu. Sifuri kwa nne. Wakati wa mapumziko nilikunywa maji, nikachezesha vidole, vitano. Dakika tatu za pili akapata nyingine mbili. Niliona saa ukutani: sekunde hamsini. Nikaanza kuamini. Nadhani aliniona nikiamini.

Aliingia chini ya kwapa langu, akazunguka, miguu yangu ikaacha ardhi. Niliona taa za dari, zikageuka, halafu kishindo. Nilikuwa chali, kifua chake juu ya kifua changu, na mwili wangu, ambao ulifunzwa miaka miwili, uliweka daraja wenyewe kabla sijauomba.

Waya wa moto ukashuka.

Ulipita begani, ukapita kiwikoni, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikazimika. Kisha kile cha pili. Wenzangu wote walikuwa wamelala kwa matumbo kandokando ya mkeka wakipiga sakafu, wakipaza sauti "Daraja! Daraja!" na mmoja akahesabu sekunde zilizobaki. Thelathini na mbili. Bega la kulia lilikuwa limegusa chini. La kushoto lilikuwa juu, labda upana wa vidole viwili, na refa alikuwa amelaza shavu lake mkekani akilitazama.

Nilikuwa na nguvu. Hili ndilo ninalotaka kuliandika na ndilo limenichelewesha kuandika. Sikushindwa. Shingo ilikuwa bado inashika, mgongo ulikuwa bado una nguvu, na thelathini na mbili ni sekunde ambazo ningeweza kuzimaliza. Lakini kidole cha tatu kilipozimika niliona kijiko kikianguka, na niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa tena maishani. Hakukuwa na timu wala nyumba. Kulikuwa na mkono wangu tu. Nikaliweka bega la kushoto chini, polepole, kama mtu anayeweka yai.

Refa akapiga mkeka kwa kiganja.

Wenzangu hawakunilaumu. Afadhali wangenilaumu. Aliyezidi gramu mia alinikumbatia akilia, akisema kosa ni lake. Wengine walilaani refa na yale mafuta: walisema nimetolewa mkekani, nimemwagiwa maji ya baridi, nimepoteza utulivu, nani angeweza kupigana vile. Kocha alinipapasa kichwa. Mama alishuka ngazi akishikilia reli, hakuniuliza habari za pambano, akauchukua mkono wangu wa kushoto akauweka ndani ya wake.

"Finya."

Nikafinya. Vidole vilikuwa vinarudi kimoja kimoja. Akafumba macho akamshukuru Mungu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Siku ya Jumatatu mama alinikuta chuoni bila kunipa taarifa, amevaa kitenge cha ibada, mkononi bakuli la mikate, maandazi ya kwetu, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Alitaka nimpeleke kwa kocha. Njia nzima nilimsihi turudi. Kila mlango uliofunguka kwenye ujia ule nilidhani ni mtu anayejua.

Kiingereza cha mama ni cha saluni: osha, kausha, kaa hapa, asante, karibu tena. Hakikutosha kwa aliyokuja kusema. Akakunja magoti kidogo mbele ya meza ya kocha, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya kwa mtu wa heshima, akaniambia nitafsiri bila kuruka.

"Muambie ni miye nilibaharibia. Miye nilimupaka mafuta. Bana bake balipoteza juu yangu, na sijalala tangu siku ile. Muambie anisamehe."

Nilitafsiri. Kila neno: kwamba ni yeye aliyewaharibia, kwamba vijana wake walipoteza kwa sababu yake, kwamba halali. Nilisikia sauti yangu ikisema hayo kwa Kiingereza safi, na jasho lilinitoka mgongoni ingawa dirisha lilikuwa wazi. Kocha alisimama, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Aliguswa, uso wake wote ulionyesha.

"Mwambie mafuta hayana hatia," akasema. "Yalifutwa, pambano likaendelea, na mwanao alibakiza sekunde thelathini. Mwambie alale."

Nikamwambia. Mama aliinua uso, akamtazama kocha.

"Basi kama hayiko mafuta," akasema polepole, "ni nini ilimuangusha?"

Kocha akanigeukia, akitabasamu, akisubiri.

"Anasemaje?"

Nilitazama kitambaa cheupe juu ya bakuli.

"Anasema asante," nikamjibu kwa Kiingereza.

Neno hilo la Kiingereza mama huwaambia wateja wake kila siku, na alijua hakuwa amelisema. Akageuka, akanitazama.