Tuzo ya Mkunga wa Lindi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Lindi, Kibera, wakuu wa mtaa walipowatuza Wanubi, walioishi pale kabla ya sisi wa kutoka magharibi mwa nchi kuja kupanga vyumba. Aliyengojewa zaidi ni mkunga mmoja mzee. Mikono yake ndiyo iliyonipokea mimi na ndugu zangu wote, na mama hakuacha kutukumbusha.

Alipoitwa, alifika kwenye ukingo wa hema, akajitanda mtandio wake vizuri, akasimama hapo hapo.

"Ingia, habuba!" mshereheshaji akamwita, kama Wanubi wanavyomwita bibi. "Umezalisha Kibera nzima, leo unaogopa kamera?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Siogopi, mwanangu. Hapo mlipoweka viti ni makaburi yetu ya zamani. Mama yangu, aliyenifunza kuzalisha, amelala hapo."

Walioketi mbele wakainua miguu kama watu walioona siafu. Mgeni rasmi akamletea tuzo nje, akampa mkono kwa heshima. Lakini mpiga picha akalalamika kwamba bango halionekani.

"Shosho, songa ndani kidogo tu."

Akatikisa kichwa. Basi mgeni rasmi akaiazima ile tuzo, akarudi ndani, akapigwa picha nayo chini ya bango la kuwashukuru Wanubi.

Picha hiyo sasa inazunguka kwenye simu zetu, na imetoka vizuri. Tuzo inang'aa, maneno ya bango yanasomeka. Mkunga hayumo. Mama yake yumo, chini ya viti.