Vibaba vya Mchanga vya Baba

Harufu ya gunia lililolowa ikinijia puani, hata leo na uzee huu, nakumbuka goti la baba. Mwezi uliopita mjukuu wangu alijaza mchanga kwenye begi lake la shule, akalitia mgongoni na kuanza kuchuchumaa na kuinuka pale sebuleni, eti anatafuta mapaja ya mchezaji mpira. Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Baadaye niliona haya, maana yeye hajui nilichokiona mimi Temeke nikiwa na miaka minane, enzi za Mwingereza. Ngoja niwasimulie ninyi. Yeye hana muda wa kukaa kitako.

Baba yangu alikuwa hamali bandarini. Alibeba magunia miaka kumi na mmoja, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba hakuwahi kuangusha mzigo. Kwa mahamali hiyo ilikuwa aibu kubwa. Aliyeangusha gunia aliitwa majina ya kike wiki nzima. Sisi wanawake, tuliokuwa tukijitwika ndoo za maji kutwa, hatukuulizwa maoni yetu. Basi siku baba alipoteleza kwenye ubao wa kupandia melini, hakuliachia gunia. Alianguka nalo, na mguu wake wa kulia ukavunjika.

Hospitalini walimfunga plasta. Ilipokuja kufunguliwa, paja lilikuwa limesinyaa mpaka mama akageuza uso. Dresa aliyemhudumia, mganga msaidizi mpole mwenye miwani, alimpa baba masharti. Akae ukingoni mwa kitanda, afungwe kifuko cha mchanga kifundoni, anyooshe goti taratibu, ahesabu mpaka tano, kisha ashushe taratibu vilevile. Aanze na kibaba kimoja. Kikishakuwa chepesi kabisa ndipo aongeze kingine kimoja, si viwili. Akifika vibaba vinane bila maumivu, ndipo ajaribu kuinuka kutoka kwenye kigoda akiwa na mzigo mgongoni, kitanda kikiwa nyuma yake na mtu pembeni. Mnyapara wake alikuwa ameahidi kumshikia nafasi mpaka Idi. Baada ya hapo angeandikwa mtu mwingine.

Kazi ya kupima mchanga nilipewa mimi. Kibaba chenyewe kilikuwa cha bati, kilekile mama alichopimia mchele, na msinishangae nikiwaambia kwamba tulitafuna wali wenye mchanga miezi kadhaa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikajaza kifuko cha kitambaa cha amerikani, nikakifunga kwa kamba ya katani na kumpelekea baba. Kisha nilikaa sakafuni kumsaidia kuhesabu.

Sikuweza kuvumilia kumtazama. Kwenye kibaba cha tatu aliuma mdomo. Kwenye cha nne jasho lilimtiririka, na siku moja niliona machozi, akajifanya anafuta jasho. Nilimpenda baba yangu kupita kiasi, na kwa akili yangu ya utoto niliamini kwamba maumivu yale yalikuwa ndani ya mchanga. Nikaupunguza. Ili kifuko kisionekane kimenywea, nilijazia sufi kutoka kwenye mto wangu wa kulalia. Mama alisema vibaba vitano, nikapeleka vitatu. Aliposema sita, nikapeleka vitatu vilevile. Mto wangu ulizidi kuwa mwembamba, mguu wa baba haukuzidi kunenepa, na mimi nilijiona mtoto mwema kuliko wote mtaani.

Idi ilipokaribia tulikuwa tumefika vibaba vinane vya jina. Selemani, hamali mwenzake baba, alikuja asubuhi moja na gunia lililojaa mchanga hadi robo. Alitaka kujionea mwenyewe kabla ya kumpelekea mnyapara habari. Mama alimwomba baba aanze na mzigo mdogo zaidi. Baba akasema, "Vibaba vinane nimevimaliza. Nibebeshe, Selemani."

Alikaa kwenye kigoda, kitanda nyuma yake kama alivyoagizwa. Selemani akamwekea gunia mabegani. Baba aliinuka, akafika nusu, na goti likaanza kutetemeka. Mama akamwambia alitupe. Selemani naye akamwambia alitupe. Alichotakiwa ni kufungua vidole tu, gunia lianguke nyuma, naye akae kitandani. Vidole vyake havikufunguka. Alilikumbatia lile gunia kama alivyozoea miaka yote, goti likageuka upande, na yeye na gunia lake wakaenda chini. Mama ndiye aliyelisukuma kwa bega likamtoka.

Mfupa ulisalimika, lakini goti lilivimba likawa kama boga. Idi ilipita tukiwa ndani. Nafasi yake ilichukuliwa. Dresa alimwambia aanze upya na kibaba kimoja, na safari hii ajifunze kwanza kutupa mzigo, maana asiyejua kuuachia hafai kupewa mzito. Basi tukawa na kichekesho chetu: baba anakaa kigodani na gunia tupu, mama anapiga makofi, baba analiachia, kisha anatazama mlangoni kama kuna aliyemwona.

Sikuwahi kukiri. Niliutoa mchanga wote, nikapima upya vibaba vya haki, nikawa nalia kila alipouma mdomo, lakini sikupunguza hata punje. Alirudi kazini baada ya miezi saba, akiwa anachechemea kidogo, na alichechemea hivyo mpaka anakufa. Kila alipopita mbele yangu nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyemfanya vile.

Tulipokwisha kumzika, nilimweleza mama yote. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na nililia kama yule mtoto wa miaka minane. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwajuma mwanangu, hamali asijue uzito wa kibaba cha mchanga?"

Baba alijua tangu siku ya kwanza. Mama alipomwambia anikanye, alikataa. Alimwambia kwamba toka azaliwe amekuwa akibebeshwa, na watu humwongezea tu. Mie nilikuwa mtu wa kwanza kumpunguzia. "Niache nipunguziwe kidogo," alisema. Na Selemani alipokuja, baba alichagua kuanguka na gunia kuliko kutamka mbele ya mgeni kwamba binti yake alimdanganya.

Nilikuwa nimeamini kwamba siri ile niliibeba peke yangu. Kumbe baba alikuwa ameshika upande wake muda wote, na safari hiyo pia hakuachia.