Wifi Yangu na Kupe wa Mama

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, amesoma kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na elimu yote hiyo ameielekeza kwenye kupe. Si moyo, si macho, si hata meno, ambayo yangetufaa. Kupe. Kaka alipotuambia kwamba mchumba wake anafanya kazi maabara, mama alifurahi, akidhani magoti yake yamepata daktari wa bure. Alipofafanuliwa kwamba kazi yenyewe ni kuwatoa kupe kwenye ng'ombe, mbuzi na mbwa wa watu, kuwasaga, na kutafuta ndani yao bakteria wanaoweza kumwambukiza binadamu, aliuliza kama idara nyingine hazikuwa na nafasi.

Tukambandika jina la Bibi Kupe. Mimi ndiye niliyelitunga, sina haja ya kuficha. Yeye alicheka tu. Ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye kucha zilizokatwa mpaka kwenye nyama. Mkoba wake hauna poda wala manukato. Una kibano, glovu na mirija midogo ya plastiki yenye spiriti. Akija kutusalimu, sisi tunamkumbatia, yeye macho yako kwenye masikio ya mbwa.

Mama ana mbuzi sita na mbwa mmoja mzee ambaye kazi ya ulinzi aliiacha zamani bila kumwarifu mtu. Jumapili moja wifi aliomba ruhusa akaingia bandani. Alitoka baada ya saa nzima, sketi imejaa kinyesi, uso unang'aa kama wa bibi harusi: amepata kupe ishirini na watatu. Akamwambia mama, kwa adabu zote, kwamba mbuzi waogeshwe dawa, na yeye mwenyewe avae buti anapoingia humo. Mama akamjibu kwamba amefuga mbuzi tangu wifi hajazaliwa, na kupe hawajawahi kumfanya lolote. Mambo yangeishia hapo, lakini mama aliuona mrija mezani umeandikwa kwa wino mweusi: "Mama mkwe, masikioni na mkiani." Wifi alimaanisha mbuzi wa mama mkwe. Ilimchukua kaka wiki nzima ya simu kulieleza hilo.

Siku kumi baadaye mama alishikwa na homa. Kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, hataki kuona mwanga. Nilimpeleka kituo cha afya cha jirani, kwa daktari ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hakuweki foleni. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Kipimo cha malaria kilionyesha hana malaria, kwa hiyo akampa dawa ya malaria. Homa haikushuka. Akampima taifodi, majibu hayakueleweka, akampa na dawa ya taifodi, isije ikajiona imetengwa. Siku ya sita, alipoishiwa na magonjwa, aliniita pembeni akaniambia huenda ni uzee tu.

Siku hiyo mama aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Nikampigia kaka, simu ikapokelewa na wifi. Hakunipa pole wala hakuuliza mama anakula nini. Aliuliza kama ana kidonda cheusi mahali popote mwilini. Nikasema sijui.

"Nani anamwogesha?"

"Mimi."

"Basi mwangalie nyuma ya magoti na mapajani. Polepole. Mimi nakuja."

Nilikikuta nyuma ya goti la kushoto: kidonda kidogo chenye gamba jeusi, kama mahali palipochomwa na sigara. Mtoki ulikuwa umemvimba kinenani. Siku sita nilikuwa nampitishia sponji juu ya kitu hicho huku nikilalamika kwamba daktari haangalii wagonjwa.

Wifi alifika na kaka kabla ya saa sita mchana, akakiangalia kidonda, tukaenda wote kwa daktari. Akamweleza habari za kupe, akamwomba aanze dawa inayofaa leo hii. Daktari akamuuliza kama yeye ni daktari wa watu au wa wanyama. Wifi akasema si wa yeyote kati yao, yeye ni wa kupe. Daktari akasema yeye hatibu kwa kubahatisha. Aliyasema hayo akiwa amekwisha kubahatisha mara tatu, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Tukamwacha mama na kaka, mimi nikaongozana na wifi mpaka maabara. Miaka kumi na moja ni wifi yangu, na sikuwa nimewahi kuingia humo. Nilitegemea mitambo ya ajabu. Nilikuta chumba kimoja chenye meza ndefu, kiti kilichofungwa kamba mguuni, na friji mbili zenye karatasi inayowakataza watu kuhifadhi chakula, na chakula kimejaa ndani. Kupe wa mama walikuwa bado kwenye barafu. Mkuu wa wifi alikuwa amemwambia kwamba kupe wa familia hawamo kwenye mradi, wasubiri.

Wifi hakumwomba mtu ruhusa. Alimtazama kila kupe kwa darubini, akawaosha, akawakatakata, akawasaga, akatoa vinasaba vyao, akavipanga kwenye mashine yenye ukubwa wa oveni ndogo. Mikono yake ilifanya yote hayo bila haraka, na mimi niliyezoea kumwona akiangusha sahani jikoni kwa mama sikumtambua. Kisha tukakaa kuitazama kompyuta: kila kupe na mstari wake, na unaopanda ndio wenye bakteria. Kwa muda mrefu mistari yote ililala chini. Halafu mmoja ukaanza kupanda, na mwingine, mpaka ikafika saba. Wifi akaihesabu mara mbili, akavua miwani, akabaki ameishika.

"Nilitaka nikosee," akasema.

Nikamuuliza kama sasa tuna uhakika. Akasema hapana, hii inaonyesha kwamba baadhi ya kupe wa mbuzi wana bakteria wa homa ya kupe, na mama ana kidonda na mtoki. Kwa mtu anayezidiwa, hayo yanatosha kuanza dawa.

Asubuhi tulimpelekea daktari karatasi. Aliusoma mhuri kwanza, akauridhia, ndipo akasoma maneno. Akaandika doksisaiklini, dawa ya kawaida kabisa, ambayo muda wote huo ilikuwa kabatini nyuma ya kichwa chake. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu mama alisema chai yangu haina majani, tukajua amepona.

Sifa ziligawanywa kwa haki. Daktari anaeleza jinsi alivyoing'amua homa ngumu. Mama anasema kilichomponya ni kitanda kusogezwa dirishani. Buti amenunua, kwa ajili ya matope, anasema, ingawa mvua haijanyesha tangu wakati ule. Mkuu wa wifi alimwandikia barua ya onyo kwa kutumia dawa za maabara za mradi kwa kupe wa ukoo wake. Mwezi uliofuata akayapeleka majibu ya kupe haohao kwenye mkutano wa wataalamu, na mwisho kabisa akamshukuru wifi, jina lake limekosewa herufi mbili.

Nilimuuliza wifi kama hayo hayamuumi.

"Yananiuma," akasema. "Lakini yule daktari siku hizi anawauliza wagonjwa kama wana mifugo. Wawili wenye homa hii ameshawapata."

Nilitaka kumwomba radhi kwa lile jina la Bibi Kupe. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Kabla sijafungua kinywa akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi, maana jirani yetu ana ng'ombe na yeye anahitaji mtu wa kushika.

Ndivyo nilivyojikuta Jumamosi nimemkumbatia shingoni ndama wa watu, na wifi amepiga magoti chini ya mkia, anahesabu kwa sauti ya furaha. Alipofika thelathini na moja, ndama alinipiga teke la paja. Wifi hakuinua kichwa. Aliniambia nisimwachie, bado sikio la kushoto.